Waranti haiozi: kama una faini ya korti hujamaliza, soma uzi huu

Katibu wa Stendi, Nakuru

Wadau, nianze na lililo kubwa, ili hata asiyefika mwisho wa uzi huu aondoke nalo. Waranti ya kukamatwa huondolewa na korti iliyoitoa. Polisi hana uwezo wa kuifuta, chifu hana, na yule jamaa anayejigamba kwamba ana mtu wake masijala, yaani ofisi ya mafaili ya korti, hana. Kama una waranti kwa sababu ya faini au dhamana, nenda mwenyewe mbele ya hakimu kabla hujapelekwa na pingu.

Naandika kwa uchungu. Mimi ni katibu wa stendi ya boda boda na naona vijana wazima wakiishi kama wakimbizi ndani ya mji wao. Mmoja hakubali abiria wa Section 58 kwa sababu ya askari wanaosimama njiani. Mwingine hakwenda kwao Molo hata kwa mazishi ya shangazi yake, aliogopa kizuizi cha barabarani. Mwingine alipata kazi ya udereva akaiacha, mwajiri alitaka cheti cha tabia njema. Ukiuliza kosa lenyewe unaambiwa ni kuendesha pikipiki bila helmeti. Kwa kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, hilo ni shilingi 1,000. Elfu moja! Mafuta anayoyamaliza kuzunguka vichochoro kukwepa askari yanapita pesa hizo.

Tena wengi wao hawakukataa kulipa. Walishikwa, wakapelekwa kituoni, wakatoa pesa, wakapewa karatasi na kuambiwa waende nyumbani. Wakajua yameisha. Ile karatasi ukiisoma vizuri ina tarehe ya kufika kortini, kwa sababu pesa ile ilikuwa dhamana, yaani ahadi kwamba utakuja. Faini hutozwa na hakimu baada ya kesi kusomwa. Siku ikifika, jina linaitwa nje ya mlango wa korti, linaitwa tena, hakuna anayeitika. Kiongozi wa mashtaka anaomba waranti, hakimu anatia sahihi, na ile dhamana nayo inaweza kuchukuliwa na serikali. Saa hiyo wewe uko Free Area unabeba abiria, huna habari.

Kundi la pili ni wale waliohukumiwa kabisa. Waliomba muda wa kulipa, hakimu akawakubalia kwa bondi, yaani ahadi ya maandishi, warudi tarehe fulani, wakaleta nusu, kisha mtoto akaugua au karo ikaja, tarehe ikapita. Kwa aibu hawakurudi. Hawa mambo yao ni mazito kidogo, lakini hata wao korti inawasikiliza.

Msidanganyike kwamba waranti hufa ikikaa sana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, sehemu ya 102, inasema itabaki na nguvu mpaka itekelezwe au korti iliyoitoa iifute. Ya mwaka 2017 ina nguvu ile ile leo. Na inafuata mtu popote nchini: imetolewa Molo, unaweza kushikwa Busia ukielekea mpakani, kisha usafirishwe kurudi.

Kuna jambo la siku za wiki ambalo watu hawalifikirii. Katiba, kifungu cha 49, inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, unangoja siku ya kazi inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, hesabu kwamba Jumamosi na Jumapili zote unalala seli. Ukijipeleka mwenyewe Jumanne asubuhi, kuna uwezekano mkubwa alasiri uko nyumbani. Kosa ni lile lile na korti ni ile ile.

Mama Samaki, Kibuye

Asante Katibu. Mimi nauza omena Kisumu. Nilishikwa na kanju, askari wa kaunti, kwa kuuza mahali hapatakiwi, nikatozwa faini, nikalipa kiasi, hakimu akanipa muda wa kuleta iliyobaki. Sikupeleka. Biashara ilianguka na nilikuwa na mimba. Sasa nikienda si watanifunga hapo hapo na mtoto ananyonya? Hata kuingia lile geti naogopa. Na ile nambari ya kesi sina, karatasi ilinyeshewa.

Katibu wa Stendi, Nakuru

Mama, pole sana. Nambari ya kesi isikuzuie. Nenda masijala ya korti iliyokuhukumu na kitambulisho chako, mwambie karani jina kama lilivyoandikwa kwenye mashtaka, mwezi na mwaka, na ni nani aliyekushika. Kama una stakabadhi ya ile nusu uliyolipa, hiyo ni dhahabu, nambari iko juu yake. Karani atatafuta kwenye kompyuta, na faili likiwa la zamani atafungua kile kitabu kikubwa cha rejista, kile kilichochakaa pembeni, apitishe kidole kwenye majina mstari kwa mstari. Usimharakishe. Nimeona mtu akikosa faili lake kwa sababu polisi aliandika Wafula na yeye anajiita kwa jina la ubatizo tu. Taja majina yako yote.

Faili likipatikana, sema maneno haya: naomba faili lipelekwe mbele ya hakimu leo, nimekuja mwenyewe ili waranti ifutwe. Fika saa mbili asubuhi, kabla hakimu hajaketi, ili jina lako liingizwe kwenye kazi za siku. Ukienda saa tano utaambiwa urudi kesho.

Ukiitwa, simama kizimbani, mwite mheshimiwa, useme ukweli kwa ufupi. Atakuuliza mbona hukurudi. Beba kadi ya kliniki na kitabu cha mtoto, mpe karani wa korti amkabidhi. Usiseme ulisahau kama hukusahau. Hakimu ameshasikia visingizio vyote, na kinachomgusa ni kwamba umekuja kwa miguu yako ilhali ungeweza kuendelea kujificha.

Sitakudanganya kwamba kila hakimu atakusamehe. Anaweza kukuweka seli ya korti mpaka alasiri ndugu zako walete baki. Kwa hivyo usiende peke yako, nenda na mtu mzima unayemwamini abaki na mtoto na simu, na beba chochote ulichonacho hata kama hakitoshi. Mtu aliyekuja na elfu mbili kati ya tano na tarehe ya kumalizia husikilizwa tofauti na aliyekuja mikono mitupu. Na faini hailipwi mkononi mwa mtu yeyote. Unapewa maelezo ya malipo kortini, unalipa kwa simu au benki, unarudi na uthibitisho, unapewa stakabadhi rasmi.

Kijana wa Kondele

Katibu unaongea kama hujawahi kuishi Kenya hii. Mimi nilishikwa na waranti ya trafiki, nikampa afisa elfu tatu, nikaenda zangu. Huu ni mwaka wa pili hakuna aliyenisumbua. Mambo ya kulala benchi ya korti ni ya watu wasiojua mji.

Katibu wa Stendi, Nakuru

Ndugu yangu, waranti iko ndani ya faili na elfu tatu yako haiko ndani ya faili. Yule afisa akihamishwa kesho, anayekuja atakuta jina lako. Kama kosa lako ni lile la helmeti, umelipa mara tatu ya faini yenyewe na bado unadaiwa. Nakuambia haya bila kukucheka, kwa sababu pale stendi kuna waliofanya hivyo wakashikwa tena, na mara ya pili walikuta hakimu hana huruma, aliona miaka yote hiyo mtu hakufika. Na kumpa afisa pesa ni kosa jingine zito kuliko la helmeti.

Ukishikwa kwa waranti, sheria inamtaka afisa akueleze kilichoandikwa ndani yake, na ukitaka kuiona akuoneshe. Uliza ni ya korti gani na kesi nambari ngapi. Andika, au mwambie mwenzako aandike. Hiyo nambari ndiyo itakayokuondoa, hata ukiwa ndani.

Mwanakijiji, Sirisia

Wakubwa shikamooni. Kwetu ni tofauti. Kaka yangu alishikwa na chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, akakaa nje kwa bondi, akakosa kufika, waranti ikatoka. Wiki jana walimchukua usiku. Hakimu amemtoza faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Yuko ndani Bungoma. Sisi tumechanga elfu nane tu baada ya kuuza mbuzi. Tunaambiwa faini haigawanywi, tulete yote au akae. Ni kweli?

Afisa Mstaafu wa Probesheni, Kakamega

Marahaba mwanangu. Aliyekuambia hivyo amekupotosha, na wengi wanafungwa muda mrefu kwa kuamini neno hilo.

Mtu aliyefungwa kwa kushindwa kulipa faini anaweza kulipa akiwa ndani. Akilipa yote leo, kama hana kesi nyingine, anaachiliwa leo. Akilipa sehemu, siku za kifungo zinapunguzwa kwa kiasi cha pesa iliyolipwa. Faini ya 20,000 kwa miezi sita, ukilipa 10,000, iliyobaki ni kama miezi mitatu. Elfu nane yenu itamwondolea karibu miezi miwili na nusu. Muulize karani wa korti iliyomhukumu namna ya kulipa sehemu, chukua stakabadhi, na mhakikishe nakala imefika gerezani kwa afisa anayeshughulikia kumbukumbu za wafungwa. Pesa ikilipwa kortini na gereza lisijue, siku hazipungui.

Hiyo miezi nayo haitoki hewani. Pale ambapo sheria ya kosa lenyewe haikutaja vingine, sehemu ya 28 ya Kanuni ya Adhabu inaweka vipimo vya juu. Faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14, isiyozidi 2,500 ni mwezi mmoja, isiyozidi 15,000 ni miezi mitatu, isiyozidi 50,000 ni miezi sita, na kupita hapo ni miezi 12. Kaka yako amepewa kiwango cha juu kabisa cha daraja lake. Hilo peke yake ni jambo la kuliuliza.

Mnaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na kwa hesabu yako bado ziko. Lakini kuna njia nyingine ambayo mimi nimeiona ikifanya kazi zaidi kwa maskini. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuita faili la korti ya chini na kulikagua. Barua ya kawaida, ukurasa mmoja, hata kwa mkono, inatosha kuanzisha. Iandikeni kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu Bungoma. Wekeni nambari ya kesi, jina la korti, tarehe ya hukumu, adhabu, kisha mseme ni kosa la kwanza kama ni kweli, ana watoto wangapi, na mnaomba adhabu ibadilishwe iwe huduma kwa jamii. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu hivyo kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu. Atalala nyumbani na kwenda kufyeka shule au kusafisha zahanati bila malipo.

Jaji akitaka ripoti juu yake, afisa wa probesheni, yule anayeichunguzia korti maisha ya mtu, atakuja hapo kwenu. Hapa ndipo familia nyingi huharibu. Afisa anafika bila taarifa, anamkuta mama analia, baba hayuko, na jirani mwenye kinyongo cha mpaka wa shamba ndiye anayesema. Mzungumze na mzee wa mtaa mapema. Mwonesheni afisa nyumba anayolala, watoto, shamba analolima. Na kama chang'aa bado inapikwa hapo nyuma ya jiko, acheni, kwa sababu atanusa kabla hajakaa. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na sikuwahi kuandika ripoti mbaya juu ya mtu kwa sababu ya umaskini wake. Nilichotafuta ni kama kuna watu watakaomshika mkono.

Mwanakijiji, Sirisia

Mzee Mungu akubariki. Kesho naenda na hiyo elfu nane kwa karani. Barua namwachia binti yetu aliyemaliza kidato cha nne, hati yake inasomeka.

Dereva wa Lori, Busia

Mnisaidie na mimi. Nina deni la mkopo wa simu. Nimetumiwa ujumbe kwamba waranti yangu imetolewa na nitakamatwa ndani ya saa 48 nisipotuma pesa kwa nambari fulani. Sijawahi kuitwa korti yoyote. Nimekaa wiki nzima sipiti mizani kwa woga.

Katibu wa Stendi, Nakuru

Kaka, pita mizani. Waranti haiji kwa ujumbe wa simu, na hailipwi kwa nambari ya mtu binafsi. Deni la mkopo ni la madai, yaani kesi ya mtu na mtu, halina uhusiano na faini ya jinai. Anayekudai lazima akushtaki, upewe wito, kesi isikizwe, hukumu itolewe. Hata akishinda, ili ufungwe kwa deni lazima kwanza uitwe kortini ueleze kwa nini usipelekwe jela ya madai, na hakimu akuulize uwezo wako. Kifungo chake hakizidi miezi sita, na anayekudai ndiye anayelipia chakula chako huko. Deni lako lipange na ulilipe, ni haki ya watu, lakini huyo wa saa 48 anakutisha tu. Kama una shaka, peleka jina lako na kitambulisho masijala ya korti wanayodai imetoa, uulize.

Mwalimu, Mbale

Swali la haraka. Lazima mtu awe na wakili kufuta waranti? Mpwa wangu ameitishwa elfu 15 na wakili kwa faini ya elfu mbili ya kushika simu akiendesha gari.

Katibu wa Stendi, Nakuru

Mwalimu, si lazima. Kwa jambo dogo kama hilo kijana anasimama mwenyewe. Kama kosa ni kubwa, au waranti imetoka baada ya kukosa kufika mara kadhaa, hapo wakili ana kazi, na asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na akishindwa na karani anayemzungusha, aulize ofisi ya msimamizi wa korti, au apeleke malalamiko kwa Ombudsman wa Mahakama. Ni bure.

Halafu mwambie mpwa wako jambo ambalo sikulitaja juu, na ndilo linalowaumiza watu waliokwisha kufanya kila kitu sawasawa. Hakimu akisema waranti imefutwa, usiondoke. Maneno hayo yameandikwa ndani ya faili, polisi hawajayasikia. Omba nakala ya amri yenye muhuri wa korti, ulipie ada yake, kisha uipeleke mwenyewe kwenye kituo kilichokuwa na ile waranti. Omba afisa wa zamu aiingize kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na akupe nambari. Piga picha amri na stakabadhi uhifadhi kwenye simu. Kijana mmoja wa stendi yetu alifutiwa waranti Jumatatu, akashikwa tena Alhamisi kwa ile ile, kwa sababu kituoni jina lake bado lilikuwa kwenye orodha. Kilichomtoa ni karatasi moja yenye muhuri aliyoikunja ndani ya kava ya leseni.

Mama Samaki, Kibuye

Katibu nimeenda leo na dada yangu. Faili lilipatikana, jina langu lilikuwa limeandikwa vibaya kama ulivyosema. Hakimu ni mama, aliangalia kitabu cha mtoto muda mrefu. Amefuta waranti na amenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao kumalizia. Amri nimeshapeleka kituoni. Sasa kuna kitu nataka kuuliza, yule askari aliyenishika mwanzo nilimpa pesa taslimu za dhamana yangu kabla ya kesi. Hiyo imeenda?

Katibu wa Stendi, Nakuru

Hongera sana mama, umetufurahisha wengi hapa. Kuhusu dhamana, kama siku ya kesi ulifika na ukahukumiwa, dhamana ile ilimaliza kazi yake na ni mali yako. Inaweza kurudishwa, au unaweza kuomba itumike kulipa faini. Huchukuliwa na serikali pale mtu anapokosa kufika kabla ya hukumu, na hata hapo hakimu anaweza kuirudisha akiridhika na sababu. Wewe shida yako ilikuwa baada ya hukumu, kwa hivyo rudi masijala na stakabadhi ya dhamana, ile ya awali, uliza kama ipo bado kwenye faili. Ikiwepo, omba hakimu aihamishie kwenye faini. Huenda baki ikaisha hapo bila kuuza hata kikombe kimoja cha omena. Kama stakabadhi nayo ilinyeshewa, pitia kwanza kituoni uandikishe kwamba imepotea, upewe karatasi ya polisi, ndipo uende kortini. Nenda kabla ya hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi, isipite.